Daftari la Mahudhurio Kando ya Ratiba: Kisa cha Kijana wa Miaka 13

Karatasi iliyonifikia ilikuwa na mistari miwili tu. Mwalimu wa darasa alikuwa ameandika: "Utoro sugu. Mzazi anamkingia kifua." Kijana mwenyewe alikuwa na miaka 13, mwaka wa pili wa shule ya kati. Tangu muhula uanze zilikuwa zimepita siku 46 za masomo, naye alikuwa amekosa 11. Kwa siku tisa kati ya hizo mama yake alileta kikaratasi cha kumwombea ruhusa: tumbo, tumbo, kichwa, tumbo. Daktari alishampima mara mbili asione ugonjwa wowote.

Niseme mapema kwamba kijana huyu si mtoto mmoja unayeweza kumwonyesha kwa kidole. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa watoto wa rika hili wanaofika kwenye ofisi ya ushauri nasaha, ili siri ya mtu yeyote isianikwe hapa. Hatua za kazi nimeziacha zilivyo, pamoja na makosa.

Siku 11 kati ya 46 ni karibu asilimia 24. Huko Marekani, kwa mfano, mwanafunzi akikosa asilimia 10 ya siku za masomo huhesabiwa kuwa mkosaji sugu wa shule, awe na ruhusa au asiwe nayo. Naukubali mtazamo huo, kwa sababu kikaratasi cha ruhusa kinamwondolea mtoto adhabu lakini hakimrudishii somo lililompita. Shule ilikuwa imeshachukua hatua zake za kawaida. Alionywa mbele ya mwalimu wa zamu, mzazi akaandikiwa barua, kisha mtoto akabakizwa baada ya masomo mara tatu. Mahudhurio hayakubadilika hata kidogo. Watu wazima wote waliohusika walikuwa wakiuliza tumrudishe vipi darasani, na hakuna aliyekuwa ameuliza kule kukosa shule kunamsaidia nini. Swali hilo la pili ndilo kazi ya mshauri, na mimi mwenyewe nilichelewa kuliuliza.

Vikao viwili vilivyopotea

Aliingia ofisini akiwa ameshika begi kifuani. "Shikamoo, mwalimu," alisema kwa kunong'ona, nikadhani ni adabu iliyochanganyika na woga. Nilimkaribisha kiti kilicho pembeni ya meza, si mbele yake, kwa sababu mtoto wa umri huu akikaa uso kwa uso na mtu mzima anahisi anahojiwa.

Jambo la kwanza lilikuwa siri. Huwa naieleza kabla sijauliza chochote, kwa maneno mepesi: "Utakayoniambia yanabaki kwangu. Lakini yapo mambo manne siwezi kukaa nayo peke yangu: ukiniambia unataka kujidhuru, ukiniambia unataka kumdhuru mtu, ukiniambia kuna mtu anakudhuru wewe, au mahakama ikinitaka niseme. Hapo nitalazimika kumshirikisha mtu, na nitakuambia kwanza." Halafu namwomba anirudishie kwa maneno yake. Wengine huniona nachelewesha mazungumzo. Mimi naona ndiyo mazungumzo yenyewe yameanza, kwa sababu mtoto aliyeahidiwa siri isiyo na mipaka, kisha mipaka ikajitokeza baadaye, hatarudi kwenye kiti hicho, wala hatawashauri wenzake waje.

Baada ya hapo nikakosea. Mama yake, tulipozungumza kwa simu, alikuwa amegusia kwamba baba amehamishiwa kazi mbali tangu miezi mitatu iliyopita. Nikalidaka hilo. Lilikuwa linaeleweka upesi: baba kaondoka, mtoto kahuzunika, shule imemshinda. Vikao viwili vizima nilimzungusha kwenye habari za nyumbani. Alinijibu kwa kutikisa kichwa na kuinua mabega. Nikaandika kwenye jalada lake: "Mgumu kufunguka." Nikilisoma andiko hilo sasa naona aibu, maana yeye hakuwa mgumu, ni mimi niliyekuwa nikigonga mlango usio wake.

Washauri wengi tunateleza hapo. Habari za nyumbani zina uzito, tena zinatupunguzia lawama sisi wa shuleni: tatizo likitoka nyumbani, darasa linabaki safi. Kwa hiyo tunaanza mbali kabla ya kuangalia karibu.

Daftari kando ya ratiba

Kabla ya kikao cha tatu nilifanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Nilichukua daftari la mahudhurio nikaliweka kando ya ratiba ya vipindi, na kalamu nyekundu mkononi. Kati ya siku 11 alizokosa, kumi zilikuwa Jumanne au Ijumaa. Mtu anayekimbia shule nzima hachagui siku namna hiyo.

Jumanne na Ijumaa zilikuwa na mambo mawili ambayo siku nyingine hazikuwa nayo: michezo, na kipindi pacha cha lugha. Dhana yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye michezo. Chumba cha kubadilishia nguo ni mahali pagumu kwa watoto wa miaka 12 na 13, kwani mmoja ana ndevu zinazochipua na mwenzake bado ana mwili wa mtoto, na wote wanaangaliana. Nikamuuliza mwalimu wa michezo. Akashangaa. "Huyo? Akija, yeye ndiye wa mwisho kutoka uwanjani."

Ikabaki lugha. Nilimwomba mwalimu wa somo nikae nyuma ya darasa Ijumaa iliyofuata, nikamweleza kwamba sikuja kumkagua yeye. Kwa bahati kijana alikuwepo. Wanafunzi walikuwa wakisoma kwa sauti, kila mmoja aya moja, kufuata mstari wa madawati. Nilimwona akihesabu. Kwanza alihesabu vichwa vilivyo mbele yake, kisha akashuka na kidole kwenye kitabu mpaka kwenye aya itakayomwangukia, akaisoma kimya, midomo ikicheza. Akairudia. Kila mwenzake alipomaliza, kidole chake kilibonyeza ukurasa zaidi hadi ukucha ukawa mweupe. Walipobaki watatu kabla yake, akanyoosha mkono akaomba kwenda msalani. Akarudi zamu yake ikiwa imeshapita. Mabega yake yalikuwa yameshuka, akafungua daftari, na kuanzia hapo akawa mwanafunzi kama wengine.

Baada ya kipindi nilimuuliza mwalimu kama ameliona hilo. "Hufanya hivyo kila mara," alisema. "Nilidhani ana tatizo la kibofu."

Maumivu ya tumbo ni ya kweli

Mwaka 1990 Christopher Kearney na Wendy Silverman, watafiti wa saikolojia, walipendekeza kwamba mtoto anayekataa shule aangaliwe kwa kile anachokipata anapoikwepa, badala ya kubandikwa jina tu. Walitaja mambo manne. Mtoto anaweza kukwepa kitu fulani shuleni kinachomtia hofu au huzuni ya jumla. Anaweza kukwepa hali ya kutazamwa na kupimwa na watu. Anaweza kutafuta uangalizi wa mzazi. Au anaweza kufuata raha iliyo nje ya shule. Watoto wawili wenye idadi sawa ya siku walizokosa wanaweza kuhitaji msaada usiofanana kabisa. Anayebaki nyumbani kucheza na anayebaki nyumbani kwa kuogopa kutazamwa wote wameandikwa "hayupo" kwenye daftari moja.

Huyu wetu alikuwa wa kundi la pili. Na mzunguko wake ulikuwa rahisi kuuona ukishajua pa kutazama. Jumatatu usiku anakumbuka kesho ni Jumanne. Mwili unaingia kwenye tahadhari, tumbo linasokota. Asubuhi anamwambia mama, mama anamruhusu abaki, na katika nusu saa tumbo linatulia. Ile nafuu ndiyo inayomfundisha. Kila anapokwepa na kupata nafuu, ubongo wake unasadiki kwamba kweli kulikuwa na hatari na kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Safari ijayo hofu inaanza mapema zaidi.

Nasisitiza jambo hili kwa walimu wenzangu: tumbo lile lilikuwa linauma kweli. Wasiwasi hubadilisha mwendo wa utumbo na kukaza misuli, na daktari akisema "sioni ugonjwa" hajasema "anajifanya." Mtoto aliyeambiwa anajifanya huku tumbo linamsokota anajifunza kwamba watu wazima hawamwamini hata kwa habari ya mwili wake mwenyewe.

Namba kwenye karatasi

Kikao cha tatu sikuuliza tena habari za nyumbani. Nilichora mstari kwenye karatasi, 0 upande mmoja na 10 upande wa pili. Mbinu hii ya kupima kwa namba ilienezwa na Steve de Shazer na Insoo Kim Berg huko Milwaukee, Marekani, katika tiba fupi inayolenga ufumbuzi, na kwa watoto wa umri huu naipenda kuliko maswali marefu. Kijana asiyeweza kusema "naogopa" anaweza kuandika 7.

"Sifuri ni raha mustarehe, kumi ni bora ardhi ipasuke. Kuingia kipindi cha hisabati?"

Akaandika 2.

"Michezo?"

Akaandika 0, akatabasamu kidogo.

"Kusoma aya kwa sauti?"

Hakuandika upesi. Akaizungusha kalamu, akaandika 10, akalipigia duara. Kisha, kwa ile ile sauti ya kunong'ona, akasema, "Sauti yangu inanigeuka, mwalimu."

Ndipo nilipoelewa salamu ya siku ya kwanza. Haikuwa adabu. Alikuwa anaificha sauti yake.

Mambo yalitoka kidogo kidogo. Wiki ya pili ya muhula alikuwa akisoma, katikati ya neno sauti ikapanda juu ikapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta, darasa zima likacheka. Kicheko hicho kingepita. Lakini kijana mmoja aliiga ile sauti kwenye korido siku hiyo, na kesho yake, na kila walipokutana. Kuanzia hapo alisema kwa kunong'ona shule nzima, na Jumanne na Ijumaa tumbo likaanza kuuma.

Nilichukua kalamu nikamchorea. Wakati wa kubalehe homoni ya testosteroni inakuza zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na misuli inayoziendesha inabidi ijifunze upya kuziendesha. Mpaka ijifunze, sauti hupanda na kushuka bila idhini ya mwenyewe. Huchukua miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka, na hakuna dawa ya kuharakisha wala haihitajiki. Alisikiliza kwa makini ambayo sikuwa nimeiona kwake. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa hiyo si ugonjwa?" La pili, "Na ya baba ilifanya hivi?"

Basi habari ya baba ilikuwamo, ila si kwa namna niliyoilazimisha. Yule ambaye angemuuliza jambo hili ndiye aliyekuwa mbali. Mama hakuweza kumwambia, kwa sababu kumwambia mama kungetaka atumie sauti. Kwa ridhaa yake nilimwomba mama ampigie baba. Jioni hiyo hiyo baba alizungumza naye kwa simu muda mrefu. Sikuuliza walisema nini.

Ngazi

Mpango wenyewe ulikuwa wa kukabili hofu hatua kwa hatua. Tulichora ngazi, yeye akazipanga hatua mwenyewe kwa namba zake. Chini kabisa, kunisomea mimi sentensi tatu ofisini. Kisha kunisomea ukurasa. Kisha kusoma akiwa na rafiki yake mmoja. Kisha kusoma darasani kwa jozi, wote wakisoma kwa wakati mmoja. Juu yake, sentensi moja aliyoichagua, mbele ya darasa. Kileleni, aya yoyote, zamu yoyote. Sheria ilikuwa moja: kwenye kila hatua unabaki mpaka namba ishuke angalau kwa nusu, ndipo unapanda. Ukiondoka namba ikiwa bado juu, hofu imeshinda siku hiyo.

Sentensi tatu za kwanza zilimtoa jasho. Sauti ilikatika mara mbili. Nilimwomba asisimame, asiombe radhi, aendelee tu. Mara ya nne alizisoma na namba ikashuka kutoka 8 hadi 3.

Watu wazima

Nilikaa na kijana vikao saba kwa jumla, vya kama nusu saa. Muda niliotumia kwa watu wazima walio karibu naye ulizidi huo, na nina hakika ndio uliozaa matunda zaidi.

Mwalimu wa lugha nilimwomba aache kwa wiki nne usomaji wa kufuata mstari wa madawati, kwa darasa zima ili kijana asionekane kapendelewa, atumie jozi na wanaojitolea. Akanijibu swali zuri: "Kila mtoto akiogopa kitu nimwondolee, tutafundisha nini?" Alikuwa na haki. Kumwondolea mtoto kabisa kile anachokiogopa ni kuikubali hofu yake kwa niaba yake. Nikamwambia hatuondoi, tunashusha kwa muda, na tarehe ya kurudisha tuiandike leo. Tukaiandika kwenye kalenda yake. Bila ile tarehe asingekubali, na mimi nisingestahili kukubaliwa.

Mama alikuja akiwa amejiandaa kujitetea, maana barua ya shule ilimwita kama mshtakiwa. Nilipomweleza mzunguko wa tumbo na nafuu alinyamaza, kisha akauliza, "Ina maana mimi ndiye nimemharibu, mwalimu?" Hapana, mama. Alifanya ambalo mzazi yeyote mwenye upendo hulifanya mtoto anapolia tumbo. Tulikubaliana kanuni ya asubuhi: hana homa, hatapiki, haharishi, anakwenda shule. Tumbo likiuma, anaweza kukaa ofisini kwangu dakika 15, kisha anaingia darasani. Na mama asibishane kama linauma au haliumi, aseme tu, "Najua linauma, na unakwenda."

Yule aliyekuwa akiiga. Mwanasaikolojia Dan Olweus wa Norwei aliutambua uonevu kwa alama tatu: kuna nia ya kuumiza, unarudiwa, na mwenye kuonewa hana nguvu sawa ya kujitetea. Kicheko cha darasa siku ya kwanza hakikufika hapo. Kuiga sauti ya mtu kila siku kwenye korido, mtu ambaye hawezi kujibu kwa sababu kujibu ndiko kunakochekwa, kulifika. Nilimwita peke yake. Sikumtaka aombe radhi mbele ya watu, na siamini katika kuwaketisha pamoja mwonevu na aliyeonewa kana kwamba ni wagomvi wawili walio sawa. Nilimweleza nilichokiona, nikamwambia kinakoma leo, na kwamba mwalimu wa zamu atakuwepo korido ile. Katika mazungumzo alitaka kujua kama kuna wavulana ambao sauti haibadiliki kabisa. Yake ilikuwa bado nyororo kama ya mtoto, na mwilini alikuwa mdogo kuliko wote darasani. Hilo halikufuta alichofanya. Lilinionyesha tu kwamba darasa zima lilikuwa na swali lile lile.

Kwa hiyo, pamoja na mwalimu wa afya, tulifundisha vipindi viwili juu ya kubalehe kwa madarasa yote ya mwaka huo, wasichana kwa wavulana. Maswali waliyaandika kwenye vikaratasi bila majina. Vikaratasi vitano viliuliza habari za sauti.

Yaliyotokea

Wiki ya tatu nilimrusha hatua. Alikuwa anaendelea vizuri, nikamshawishi aruke kusoma kwa jozi aende moja kwa moja kwenye sentensi ya mbele ya darasa. Ijumaa hiyo hakuja shule. Jumatatu nilimwomba msamaha, tukarudi kwenye jozi, naye akakaa hapo wiki mbili. Haraka ilikuwa yangu.

Wakati wote huo niliendelea kuangalia dalili ambazo zingenilazimisha kumpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili: huzuni isiyoisha kwa wiki mbili na zaidi, kuacha kula, kujitenga na hata michezo, hofu kuenea kwenye vipindi vyote, au neno lolote la kujidhuru. Hazikuonekana. Zingeonekana, ngazi yetu isingetosha, na mshauri wa shule anayejidanganya kwamba inatosha anamweka mtoto hatarini.

Wiki ya saba usomaji wa zamu ulikuwa umerudi, kama kalenda ilivyosema. Alisoma aya yenye sentensi sita. Katika ya pili sauti ilipanda ikakatika. Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwalimu hakuinua macho kitabuni, akasema tu, "Endelea," naye akakohoa kidogo akaendelea mpaka mwisho. Katika siku 30 za mwisho wa muhula alikosa mbili, moja ikiwa na homa ya kweli.

Chama cha Washauri wa Shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi duniani haziukaribii uwiano huo. Ninalitaja kwa sababu kisa hiki hakikuhitaji kifaa wala dawa. Kilihitaji mtu mwenye nafasi ya kuweka daftari kando ya ratiba, kukaa nyuma ya darasa kipindi kizima, kumpigia mzazi simu ya pili na ya tatu. Mshauri aliyepewa pia kusimamia mitihani, kupanga ratiba na kushika zamu ya korido hatamwona kijana anayehesabu vichwa. Atamwona mtoro.

Kikao cha mwisho nilimuuliza kama naweza kuwaandikia walimu wa mwaka ujao. Alifikiri kwanza. "Andika kuhusu kusoma," alisema. "Usiandike kuhusu sauti." Nikachukua karatasi, nikaandika sentensi nne mbele yake, nikampa azisome. Alizisoma kwa sauti, akafuta neno moja, akanirudishia nitie sahihi.